Wachawi Hutoka Mkoa wa Jirani

Mume wangu alikuwa na shahada mbili, na sijawahi kukaa naye kwenye meza ya wageni asizitaje. Tulikuwa tumepanga besimenti, vyumba vya chini ya ardhi, ya mjane mmoja wa Kifilipino huko ughaibuni, Germantown, kwenye safu ya nyumba mpya zilizofanana kama vipande vya sabuni. Mume wangu aliondoka asubuhi kuwahi treni, kisha metro mpaka Arlington, kwenye kazi ya kompyuta ambayo hakuwahi kunieleza ni ya nini hasa. Mimi nilihudumia wazee katika kituo cha karibu, mpaka mimba ilipokua na mgongo ukakataa kuinua watu. Tangu hapo nikawa mtu wa kushinda nyumbani, na kwa kuwa huko chini hatukuwa na jiko la maana, nilishinda jikoni kwa mwenye nyumba.

Alikuwa muuguzi mstaafu. Aliniambia nimwite Tita, ndivyo kwao wanavyomwita shangazi. Sitamsifu kupita kiasi. Kidude cha kupandisha joto la nyumba nzima kilikuwa ukutani kwake, na alikilinda kama mlinzi wa benki. Sisi wa chini tulivaa makoti tukila. Majirani zake aliwadharau wote, kila mmoja kwa sababu yake. Ugali wangu aliuita saruji.

Ila kusimulia alijua. Alikuwa akimenya vitunguu saumu huku akisema, na kila hadithi aliianza kwa maneno machache ya lugha yao, ili nisikie, alivyodai, jinsi bibi yake alivyoyatamka, ndipo akaingia kwenye Kiingereza. Alinisimulia habari za wazee wadogo wanaoishi ndani ya vichuguu, ambao mtu hapiti kwao bila kuomba njia. Nikamwambia kwetu tungepiga hodi. Alilipenda neno hilo. Hata kwenye bustani yake, yenye nyasi za kununuliwa zilizotandikwa kama mkeka, hakumwaga maji ya moto bila kuwaomba radhi kwanza wenyewe walio chini.

Aliyoirudia zaidi, kwa ajili ya tumbo langu, ni ya mwanamke wanayemwita manananggal. Kijana mmoja anaoa msichana mzuri mgeni. Msichana anapika vizuri, anafua, hana neno na mtu. Giza likiingia anakwenda migombani, anajipaka mafuta, anakatika kiunoni. Nusu ya juu inaota mabawa na kuruka; miguu inabaki imesimama kati ya migomba kama nguo iliyosahauliwa. Anatua juu ya paa la mwenye mimba na kuteremsha ulimi mwembamba kama uzi, amnyonye mtoto aliye tumboni. Wenyeji humtambua kwa sauti, tik-tik-tik. Ikisikika kubwa, yuko mbali, ikififia, amefika. Mume anamfuata, anaiona ile miguu, anamwaga chumvi na vitunguu saumu pale palipokatika. Kunapopambazuka mke anarudi, hawezi kujiunga. Anamwomba mumewe, anamwita jina lake, mpaka jua linamkausha.

Niliuliza yule mume wa hadithi alijuaje. Tita akasema aliambiwa na mama yake, kama vile hilo halikuhitaji kuulizwa. Nikamuuliza wanawake wa namna hiyo hutoka wapi.

"Mkoa wa jirani," akasema. "Kwetu hawapo."

Nilicheka mpaka nikashika meza, wala sikumweleza sababu. Mimi ni mzaliwa wa Sumbawanga. Mtanzania akikuuliza kwenu ni wapi ukamtajia Sumbawanga, hutabasamu, kisha huuliza kama ulikuja kwa ndege au kwa ungo. Mume wangu ni wa Tanga, na Watanga nao husemwa uchawi hivyohivyo, lakini yeye alishikilia kwamba ya Tanga ni uzushi, Sumbawanga ndiyo yenyewe. Aliyasema hayo kwenye sherehe za Watanzania wenzetu, sahani ya pilau mkononi, na wasomi wenzake wakacheka. Nilidhani ni utani. Nilicheka nao.

Tumbo lilipokuwa kubwa, Tita alishuka siku moja akiwa na bakuli la chumvi ya mawe na shada la vitunguu saumu. Dirisha letu lilikuwa dogo, juu karibu na dari, usawa wa nyasi za nje. Akapanga vitu vyake hapo, na ubavuni akatundika mkia mkavu wa taa, yule samaki mpana, alioubeba kutoka kwao ndani ya sanduku, katikati ya nguo. Aliniomba ruhusa kabla hajagusa chochote. Nikamwambia atundike, maana nilimwona kama wale wazee niliowahudumia kazini: ukiwaachia mdoli wao, wanakula vizuri.

Mume wangu aliporudi jioni, Tita alikuwa anashuka ngazi tena kutuletea wali. Mume alisimama chini ya dirisha akiwa na koti lake, akashusha kitu kimojakimoja na kutia kwenye mfuko wa taka, mbele ya mwanamke aliyeshika sahani yetu. Alimpa mhadhara kamili. Alisema katika karne hii, katika nchi iliyopeleka watu mwezini, ni aibu kwa muuguzi. Alisema yeye ni mtu wa sayansi. Ule mkia aliushika kwa ncha za vidole, akauweka juu ya mfuko badala ya kuutumbukiza, na nililiona hilo bila kulielewa.

Tita aliiweka sahani kwenye ngazi ya mwisho, akauchukua mkia wake, akapanda. Kesho yake joto la besimenti lilishuka tukaanza kulala na soksi. Nikawadharau wote wawili, yeye kwa mhadhara wake na Tita kwa kulipiza kisasi kwa mwanamke mjamzito.

Nilikuwa nikilala ubavu wa kushoto, kama daktari alivyoniagiza, na kitu kigumu kikawa kinanichoma sikioni. Jumamosi asubuhi, mume wangu akiwa sebuleni anasoma gazeti kwenye kompyuta, nilivua foronya ya mto wangu nikapapasa. Kwenye pindo palikuwa na mshono wa mkono, mbaya, uzi mweusi kwenye kitambaa cheupe. Nikaufumua. Kikatoka kifurushi cha kaniki kilichofungwa kwa ngozi, ukubwa wa kidole gumba: hirizi.

Nilimpelekea. Aliinuka kwenye kiti kabla sijafungua mdomo.

Alieleza mengi, na mengi yalikuwa maelezo ya kuchelewesha. Mama yake ametuma, kwa mtu aliyekuwa anakuja. Ni mambo ya wazee, hayana uzito. Yeye binafsi haamini. Alikubali tu ili mzee atulie, maana kila akimpigia kwa kadi ya simu mazungumzo yalikuwa ni hayo tu. Nikamuuliza mbona basi hakuniambia. Nikamuuliza mbona imo kwenye mto wangu na si kwenye wake. Akarudi kwenye habari za mama yake.

"Ni kinga ya mtoto," akasema.

"Anakingwa na nani?"

Alitazama kidirisha kile.

"Mama anasema watu wa kwenu wanaanza na wa kwao," akasema. "Mimi sijasema. Anasema mama."

Nilichukua mkasi wa jikoni nikaikata hirizi juu ya meza. Akaniomba nisifanye hivyo. Yule mtu wa sayansi alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa friji. Ndani mlikuwa na vipande vya mzizi, unga mweusi, na kifundo cha nywele. Zilikuwa zangu, zenye ile rangi niliyokuwa nikipaka mwaka ule. Alikuwa amezitoa kwenye kitana changu, akazifunga, akazituma Tanga na kusubiri majibu, na jioni zote hizo alikuwa akija kula chakula changu na kuniuliza mgongo unaendeleaje.

Nilizoa kila kitu kwa mkono nikakitia kwenye taka. Nilimwambia kama anaogopa akalale kwingine, na kweli akaenda kulala kwa rafiki yake Arlington siku kadhaa, akisema ni kwa sababu ya theluji. Theluji yenyewe haikuanguka.

Tita alikuwa amesikia sauti. Aliteremka, nikamweleza, pamoja na habari za Sumbawanga. Alisikiliza hadi mwisho mikono ikiwa kwenye aproni, kisha akaniuliza polepole, kama muuguzi anayeuliza mgonjwa kama amepata choo, ikiwa ni kweli watu wa kwetu wanaruka. Nikamwambia ningejua kuruka nisingekaa kwenye besimenti yake. Alifikiri kidogo, akapanda juu, na baada ya muda joto likaanza kuingia chumbani.

Binti yangu alizaliwa salama. Tita alikuja hospitali na uji wa wali wenye tangawizi, akasimama mlangoni, akaniambia mgeni akimsifia mtoto bila kumpaka mate mtoto huugua tumbo. Aliomba ruhusa. Nikampa. Akalamba kidole gumba, akamgusa mtoto kitovuni, akamsifia kwa sauti ya juu ili hata wauguzi wasikie. Mume wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, alimwangalia kwa dharau ya mtu aliyesoma. Kisha akatoka kwenda kumpigia mama yake, na kupitia mlango nilimsikia akimhakikishia kwamba kile kitu bado kipo mahali pake.

Mtoto alipoanza kukaa nilimchukua, nikamwacha mume wangu, nikahamia Landover, karibu na maghala, nikarudi kwenye kazi ya wazee. Kwenye sherehe za Watanzania bado nilikutana na baba yake. Aliwaeleza watu kwamba tuliachana kwa sababu tulitofautiana kielimu, na wasomi wenzake wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja wao, daktari wa uchumi, aliniona naja na sahani yangu, akamhamisha mwanawe upande wa pili wa meza.

Nilikaa palepale nikala. Pilau lilikuwa zuri.