Daftari Ndani ya Pipa la Unga

Lizete, mjane wa kabila dogo la Walivonia katika kijiji cha pwani cha Sīkrags, alikuwa akimtajia maneno ya lugha yake Aino, mtafiti wa lugha kutoka Estonia aliyefika bila kibali cha kuingia ukanda wa mpaka.

"Samaki mnamwitaje, mama?"

"Kalā."

"Na kwetu ni kala!"

Mara buti za mlinzi wa mpaka wa Kisovieti zikasikika mlangoni. Waliomchukua mume wa Lizete, asirudi tena, walivaa buti kama hizo. Lizete akalinyakua daftari la Aino, akalizamisha kwenye pipa la unga.

"Huyu nani?" askari akauliza.

"Mpwa wangu."

Askari akamkazia Aino macho, akajichukulia samaki wawili wa moshi, akaenda zake.

"Niondoke, mama?" Aino akanong'ona.

"Uende wapi? Maneno ya nyavu bado hujayaandika," Lizete akajibu, huku akilitoa daftari kwenye unga na kulipangusa. "Andika."