Nilipanda kuosha bati nimevaa msuli, aliyeumia ni mama mkwe

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Siongezi chumvi hapa, aibu niliyonayo inatosha.

Mie naishi Chamazi. Jirani yangu ana mwarobaini unaomwaga majani juu ya bati langu mwaka mzima, na maji ya mvua tunayakinga kutoka kwenye hilo hilo bati, yanapita kwenye gata yanaingia kwenye tenki.

Mama mkwe kaja kutusalimia kutoka Masasi. Asubuhi nikamsikia anamuuliza mke wangu, "Mwanangu, maji yenu mbona yananuka majani?"

Nikajisikia vibaya mno. Mwanaume mzima, mkwe anaoga maji yananuka!

Mke wangu akasema, "Baba Salma, mwite fundi. Wewe kupanda huwezi." Nikamjibu, kuosha bati tu ndo niite fundi? Akaguna, akachukua kikapu akaenda zake sokoni Mbagala.

Nikaazima ngazi ya mbao. Nikapanda na ndoo, fagio na sabuni ya unga. Kandambili mguuni, msuli kiunoni. Ndiyo, msuli. Jumapili hiyo, niko kwangu, suruali ya nini?

Sasa hapa ndo pa ujinga wangu. Ngazi ilikuwa inacheza na nilijua. Ilitaka mtu wa kuishika, na nyumbani alikuwepo mama mkwe peke yake.

Wenye wakwe mnaelewa. Huyu mama hata kumpa mkono sijawahi, tukipishana koridoni kila mtu anainamisha macho. Nimwambie aje anishikie ngazi, yeye chini, mie juu na msuli? Thubutu! Nikapanda hivyo hivyo.

Bati lenye ukungu ukilimwagia maji ya sabuni, acha kabisa. Nilisugua nikajisifu, nikageuka kuchukua ndoo, mguu ukaenda.

Nikaserereka kwa tumbo mpaka ukingoni. Msuli ukanasa kwenye msumari ukabaki huko. Ngazi nikaipiga teke ikaanguka, nikaning'inia kwenye gata ya plastiki, uchi wa mnyama, napiga kelele "Mama weee!"

Mama akatoka.

"Usije mama, usije!" Akaja. Akanyoosha mikono anidake, gata ikakatika, nikamwangukia mzima mzima.

Mie nilichubuka magoti tu. Mkono wake nikausikia ukilia ko.

Na wakuu, kabla hata ya kulia, kwa ule mkono mzima alivuta kanga ya begani akanirushia, uso kageuzia ukutani. "Jisitiri, baba," akasema.

Hospitali daktari akauliza imekuwaje. Mama akaniwahi: "Nimeteleza bafuni."

Daktari akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa, kwamba ndiyo.

Mke wangu naye akaambiwa hivyo hivyo. Gata nikasema niliivunja na fagio.

Kwa wanaotaka kuosha bati: sabuni na ukungu havitaki mchezo, kandambili acheni chini, na ngazi isiyo na mshikaji msiipande. Mkimuonea haya wa kuishika, iteni fundi. Mie hayo yote niliyajua.

Ila kilichonifanya nifungue uzi ni cha jana. Mashemeji walikuja kumwona mama yao. Yule mkubwa akamgombeza mke wangu mbele ya watu wote, eti ni uzembe gani kuacha bafu linateleza na mama yupo ndani.

Mke wangu akalia, akapiga magoti kumwomba mama yake msamaha. Mama akainamisha macho. Mie nikanyanyuka, nikajifanya nakwenda kuongeza chai.

Leo tangu asubuhi mke wangu anasugua sakafu ya bafu. Hapa nilipo namsikia.

Nitukaneni mnavyotaka, nimestahili. Ila mwenye busara aniambie, nikifungua huu mlango, nianze na neno gani?