Fundi Anayezima Taa ya Kijani Makusudi

Shangazi Wu A-hsia anasema tufani ya mwaka jana tunaionea bure. Mwenye kosa ni fundi, aliyekula bisi za mashine. Huku kwetu mashine huwekewa pakiti ya kijani ya bisi ili isigome.

"Ile pakiti ya kijani niliiweka mwenyewe juu ya sanduku, mashine itulie. Akaja yeye na njaa zake, akaila. Akalamba na vidole! Haikupita wiki, pampu ikagoma."

Fundi mwenyewe, Ke Jung-fa, amechuchumaa mbele ya sanduku hilohilo, anacheka.

"Ilikuwa imepitwa na tarehe, Shangazi. Iliyochacha ndiyo inaleta nuksi. Nilikuondolea."

"Ukaiondolea tumboni?"

Ni asubuhi katika nyumba ya pampu, kando ya mabwawa ya kufugia samaki aina ya mwatiko, pwani ya Yunlin. Ardhi yetu imedidimia. Mvua ikinyesha, maji hayaondoki mpaka yavutwe. Jung-fa, mwenye miaka 43, hutunza waya unaozipelekea pampu amri ya kuanza na kusimama.

Waya huo umevizunguka vijiji kama pete. Ukikatika upande mmoja, amri hugeuka na kupitia upande mwingine. Lakini ili igeuke, lazima mashine ijue kwamba njia imekatika.

Hapo ndipo penye kazi. Ndani ya sanduku la kila kituo mna kisanduku kisichozidi sahani ya sabuni. Huku unaingia uzi wa kioo wa ile pete, unaotoka nje, huku unatoka waya wa kwenda kwenye mashine. Kikiachwa kama kilivyotoka dukani, uzi waweza kukatwa na tingatinga, na upande wa mashine taa ya kijani ikaendelea kuwaka. Mashine inaona kijani, inazidi kutuma amri shimoni.

Jung-fa husogeza swichi, ndogo kama punje ya mchele, ili upande mmoja ukifa na wa pili uzime.

"Watu wananiuliza, fundi gani wewe unazima kizima?" anasema. "Nawaambia, ukifiwa si unabandika karatasi nyeupe mlangoni? Jirani akipita anajua. Usipobandika, atakuletea mwaliko wa harusi. Swichi hii ndiyo karatasi yenyewe."

Mwaka jana alipita vituo vyote kabla ya msimu wa tufani. Hata hivyo, maji yaliposhuka, swichi ya hapa aliikuta upande usio wake. Uzi ulikuwa umekatika, taa inawaka kijani, pampu kimya.

"Nilimkuta Shangazi barabarani na wavu," anasema kwa sauti ya chini. "Anavua samaki wake mwenyewe kwenye lami. Wengi walikwisha kwenda baharini."

Tangu siku hiyo amejilaumu kwamba alisahau. Siku hizi akisogeza swichi huigusa tena, kisha huigusa tena. Mkewe humtania kwamba hata mlango wa nyumbani anaufunga mara mbili.

Shangazi, anayetunza ufunguo na kufagia hapa, ameinama nyuma yake anatazama.

"Hako kadude nakajua," anasema. "Taa ikizimika moyo wangu haukai. Hata mwaka jana ilizimika, tufani ikiwa njiani. Nikakasogeza hivi kwa kucha, ikawaka vizuri kabisa. Ningekungoja wewe?"

Jung-fa anaondoa kidole kwenye swichi. Anamtazama, kisha anatazama nje, kwenye bwawa ambamo Shangazi amemwaga vifaranga vipya vya samaki majira haya ya kuchipua. Mwatiko mmoja anaruka, maji yanafunga.

Anafunga mfuniko wa sanduku taratibu. Anataka kumaliza pete nzima kabla ya tufani ya kwanza, na hakuna kufuli litakalomzuia mwenye ufunguo.

"Shangazi."

"Nini tena? Njaa?"

"Siku taa hii ikizimika, usiiguse. Iache na giza lake. Nipigie simu tu, hata kama nimelala, hata kama mvua inamwaga. Utanipigia?"

Shangazi anatoa pakiti mpya ya kijani kwenye mfuko wa aproni. Anaisogeza karibu na macho, anasoma tarehe. Anaiweka juu ya sanduku, anarudi nyuma hatua moja, kisha anaisogeza kidogo pembeni, isiizibe taa.