Fundi wa Jiwe la Kuteleza

Kuna jiwe mtoni, refu, limesuguliwa na maji mpaka likawa laini. Watu hukaa juu yake, wakajiachia, wakateremka wakipiga makelele hadi bwawani. Watu linawafurahisha, ila nguo halizihurumii. Ndiyo maana pembeni, chini ya mwavuli uliochakaa, Fundi aliweka cherehani yake. Mtu akitoka majini kashika makalio kwa mikono miwili, moja kwa moja huja kwake.

"Pole, baba. Vua, ujifunge shuka hili," husema Fundi bila kucheka. Zamani alikuwa akicheka. Siku hizi hata kucheka ni kazi.

Msimlaumu. Mumewe alipata kiharusi, upande mzima wa kulia ukapooza. Mwanamke huyuhuyu anayeshona kutwa ndiye anayemwamsha, anayemwogesha, anayemlisha, anayemgeuza kitandani mgongo usije ukachubuka. Majirani humwambia, "Jikaze, mama," kisha haoo, wanakwenda zao kulala. Jamani, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi!

Na mume alikuwa na ombi moja tu. "Nipeleke jiweni, mke wangu, niteleze hata mara moja kabla sijafa."

Fundi alijibu, "Kesho." Kesho ikazaa kesho nyingine. Si kwamba hakutaka. Alikuwa hoi. Alichoka hata akawa anaona uzito kurudi nyumbani, na jambo hilo likamtia aibu. Halafu siku moja mume akaacha kuomba. Akawa anasukuma sahani kando, anatazama ukuta. Hapo Fundi akaogopa kweli, maana alimwona anamponyoka hivihivi.

"Shemeji," akamwambia mdogo wa mumewe, "kesho utambeba mpaka juu ya jiwe. Mimi nitateleza naye."

"Wewe? Miaka yote hii hujalowa hata kisigino!"

"Basi nitalowa. Wewe inakuuma nini?"

Asubuhi akamshonea mumewe kaptula yenye kiraka cha turubai, kinene, mikunjo miwili, ili jiwe lisimuumize. Shemeji akambeba mgongoni hadi juu. Fundi akakaa nyuma ya mumewe, akamkumbatia kifuani, akapiga moyo konde. Wakajiachia.

Wakaenda kidogo, wakakwama. Turubai liling'ang'ania jiwe, hawaendi mbele wala hawarudi nyuma, maji yanawapita tu kama hawapo. Huko juu foleni imejaa.

"Fundi, umeshona breki!" mmoja akapaza sauti, bwawa zima likaangua kicheko.

Fundi akajaribu kusukuma kwa visigino. Wapi! Nguvu hazipo. Akaegemeza paji la uso mgongoni mwa mumewe, akalia palepale, mbele za watu.

"Siwezi tena, mume wangu. Nimechoka. Nimechoka, nimechoka."

Mume akasema kwa ulimi wake mzito, "Wewe nishike tu. Mimi nitasukuma."

Akakunja mguu wa kushoto, ule mzima, akautia kwenye ufa wa jiwe. Akasukuma. Akasukuma tena, anahema, mishipa ya shingo imemtoka. Jiwe likawaachia. Wakaporomoka wote wawili, mayowe kwa maji, hadi chubwi!

Fundi aliibuka bado amemshika. Bwawa lilimfika kifuani. Akamlaza mumewe chali juu ya maji, kiganja chini ya mgongo, akangoja mikono ianze kumuuma kama kawaida. Haikuuma. Maji yalikuwa yamembeba mtu wake, naye anaelea, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nimekuchosha sana," mume akasema.

"Umenichosha," Fundi akajibu. "Umenichosha mpaka nilisahau kama nakupenda."

"Na sasa?"

"Nyamaza kwanza, bwana wee. Niache nipumzike."

Shemeji akaja ukingoni, kanyoosha mikono. "Nimtoe?"

Fundi akatazama ule ukingo. Akitoka tu majini uzito wote ungemrudia, leo, kesho, na siku zote, na hakuna mwingine wa kuubeba. Akausogeza uso wake karibu na wa mumewe.

"Bado, shemeji," akasema. "Tuache kidogo."