Kibali cha Kutazama Kenya

(Aliyetuandikia yuko Tororo. Jina lake tunalo. Ameomba lisitajwe, nasi tumekubali.)

Bwana Mhariri,

Natangaza kwa heshima zote, mbele ya wasomaji wa ukurasa huu, kwamba kati ya Tororo na Busia hakuna mtu mwenye darubini nyingi za shaba kunishinda. Ninazo tano. Hadi leo hajatokea wa kunipinga, labda kwa sababu hakuna mwingine anayezitafuta.

Umri wangu ni miaka arobaini na mitatu. Nina mke mmoja, watoto wanne na baiskeli ya mizigo. Shule sikuiona; kusoma nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia nyama, ndiyo maana habari nyingi nazijua nusu. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini nikinunua vyombo vikuukuu: masinia, taa, birika zilizotoboka. Nikirudi nyumbani navisugua kwa jivu na ndimu mpaka ving'ae, kisha nauza. Darubini peke yake ndizo nisizouza. Ya kwanza niliipata kwenye mnada wa vitu vya Mzungu aliyerudi kwao, na tangu hapo ni kama ugonjwa. Nazipanga kwenye rafu, na Ijumaa baada ya sala wageni huja kuzisifu. Mke wangu hazisifu. "Baba Zainabu," aliniambia juzi, "nyumba ina macho matano, na paa linavuja hujaliona."

Ya tano ndiyo inayoninyima raha.

Huko Bulumbi, upande wetu wa mpaka, kuna mjane mmoja, nitamwita Mama Nabwire. Marehemu mumewe alikuwa mpagazi wa Wazungu waliopima nchi, na siku ya kuondoka mmoja wao alimwachia darubini. Kwa mama huyu haikuwa pambo. Nabwire, bintiye wa pekee, ameolewa ng'ambo ya bonde, upande wa Kenya, na mumewe huwa mbali kwenye mashamba ya chai. Mama mwenyewe miguu imemwisha. Basi walipatana hivi: kila asubuhi Nabwire akiamka salama anatundika kitambaa chekundu mlangoni, na mama anaegemeza darubini kwenye uzio, anakitafuta. Akikiona, anakwenda kunywa uji wake. Asipokiona, anamtuma jirani avuke.

Yote haya alinieleza mwenyewe kwa furaha, nami nilikuwa nimeshaitamani. Nikampa bei ya blanketi, sabuni na sukari. Akakataa. Nikaongeza blanketi la pili, akacheka. Ningependa kuwaambia kwamba hapo shetani alinishika mkono, lakini nilikuwa peke yangu. Nilikunja uso kama karani wa serikali, nikamuuliza kama ana kibali. Siku hizi kila kitu kina kibali, ng'ombe wa kuvusha, baiskeli, hata pombe ya arusi, kwa hiyo hakushangaa. Aliuliza tu ni kibali cha nini. Nikamwambia mtu wa Uganda haruhusiwi kutazama Kenya kwa chombo bila karatasi.

Alifikiri sana. "Mwanangu, mimi natazama mtoto yangu tu," alisema. "Kenya yenyewe mimi sitazami."

Nikamjibu kwamba serikali haiwezi kujua tofauti. Akaifuta darubini kwa ncha ya nguo yake, akanikabidhi. Nilimwachia blanketi moja.

Miezi minne baadaye nilipita tena Bulumbi. Kwanza niliwaona wachungaji wa ng'ombe wakipita mgongo wa kilima huku wamegeuza vichwa upande wa Tororo, kama watu wenye shingo mbovu. Nikauliza kulikoni. Mmoja akanijibu bila kutabasamu kwamba upande wa Kenya hautazamwi bila kibali, kwani mimi natoka wapi nisijue. Nilikaribia kucheka. Kisha nikamkuta Mama Nabwire kwenye kigoda chake, ameligeuzia bonde mgongo.

Alinipokea vizuri. "Mulembe, mwanangu," alinisalimu kwa lugha ya kwao, akanipa ndizi. Halafu akanisimulia, bila kupandisha sauti, kwamba Nabwire aliugua homa, akalala siku nne mlango umefungwa. Kitambaa hakikutundikwa, na hapakuwa na wa kuona kwamba hakikutundikwa. Siku ya nne mwuza maziwa ndiye aliyemkuta. Nabwire alipona. Mimba yake ya miezi sita haikupona.

Ile ndizi niliishika, sikujua niiweke wapi.

Hakunilaumu. Alijilaumu mwenyewe, kwamba amekaa miaka yote hiyo na chombo na hakufuata sheria mapema. Kisha akanisogelea. "Wewe unajua maofisi," alisema. "Hiyo kibali nakata wapi? Kuku ya karani niko nayo mbili."

Nikasema nitamwulizia. Tangu siku hiyo kila mtu wa Bulumbi anayekuja sokoni Tororo ananiletea salamu zake na swali lile lile: karatasi imefika wapi?

Wasomaji, karatasi nimeshaiandika mwenyewe, kwa wino wa bluu na mwandiko wa kupendeza: "Anaruhusiwa kutazama Kenya, asubuhi tu." Nikimpelekea darubini pamoja na uongo huu, atageuza kigoda chake, ataona mlango wa bintiye, nami nitaendelea kuitwa mwanangu. Nikimwambia kweli, atajua kwamba sheria hiyo haikuwapo hata siku moja, na kwamba mjukuu wake alipotea ili rafu yangu ijae. Usiku nalala, siwadanganyi, lakini kula ndizi nimeacha. Ninyi mliosoma kuliko mimi, nipeni shauri: niende na karatasi, au niende na mdomo wangu?

Kabla hamjajibu, kuna jambo sikulitaja. Jana niliichukua ile darubini niijaribu kwanza, nikaielekeza kwenye mwamba wa Tororo, ambao hata mbuzi anauona bila msaada. Niliona ukungu. Nikajaribu zile nne nyingine, nazo ukungu. Zote tano nilizisugua kwa jivu na ndimu, pamoja na vioo.