Mkono Nilioosha Kabla ya Magharibi

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, huko Nabuyonga, Mbale, niliamini kwamba harufu inaweza kumfunga mtu mkono. Bibi yangu, tuliyemwita Kukhu, alizaliwa juu mlimani, na kila alipokwenda kwao alirudi na nanaa-mwitu yenye maua madogo ya zambarau, ile isiyokubali kuota bustanini. Kwao, ndugu wakigombania mpaka wa shamba, hupewa kitawi kimoja wakakiponda pamoja viganjani. Hapo hawawezi kudhuriana mpaka harufu iishe, na kunawa kabla jua halijatua ni kuvunja ahadi.

Vita vilipotufikia, Mjomba Hamisi alikuwa kwetu, amekimbia kazi yake ya kiwandani Jinja. Asubuhi moja mwanajeshi wa kaskazini, kijana aliyekuwa akirudi nyuma na wenzake walioshindwa, aliingia uani akamtaka Mjomba ambebee mzigo. Miongoni mwa waliobebeshwa mizigo wiki ile, hakuna aliyekuwa amerudi. Kukhu hakulia. Alileta kitawi cha nanaa, akamwomba kijana akiponde pamoja nasi watatu.

"Mama, hii dawa ya risasi?"

"Ya mikono, Afande. Usinawe mpaka magharibi."

Akacheka, lakini akaponda. Walipoondoka tu, nilikimbilia ndoo, nikajisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikauma, kisha nikamwapiza yule kijana afie njiani. Nilitaka mkono wangu uwe huru.

Mjomba alirudi siku ya tatu, amekuja kwa kujificha vichakani, miguu imevimba. Alisema kwamba mchana ule walifika mtoni, wanajeshi wengine wakanawa ili wale, yule kijana akakataa. Alikula vidole vikinuka nanaa, wakimtania kwamba ameolewa Mbale. Kisha akajitwisha mzigo.

"Wewe rudi kwa mama," alimwambia Mjomba. "Mimi nabeba mwenyewe."

Nyumba nzima ilifurahi, mimi nikalia. Nilimweleza Kukhu nilichofanya. Alinusa kiganja changu, akakishika muda mrefu bila kunikemea.

"Basi mwombee," akasema. "Umevunja wewe, utaunga wewe."

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na siwezi kusema jani lile lina nguvu gani. Ninajua tu kwamba siku ile tuliahidi watu wanne, na aliyevunja hakuwa mwenye bunduki. Jina lake sikulijua. Ninamwombea kama mtu ambaye huenda alifika kwao, akazeeka, asijue kabisa kwamba kuna mtoto aliyewahi kumtakia kifo.