Mate ya Lahbib

Wacheza nyoka wa ukoo wa Lahbib, pale Marrakesh, waliaminiwa kuwa na baraka kwenye mate yao. Mtu akiumwa na nge alikimbizwa kwa Lahbib, naye akatemea mate pale palipoumwa. Basi Ghazala, nyoka aliyeishi naye miaka tisa, alipoungua tumbo kwa jiko la chai, Lahbib alimtemea mate kila asubuhi, akampaka mafuta ya zeituni, akangoja.

Siku ya tatu ngozi iligeuka nyeusi, ikaanza kunuka.

“Mpeleke kwa daktari wa mifugo,” alisema mkewe, Mahjuba.

“Mimi? Nikapange foleni na wenye punda? Watu watanicheka!”

“Na wacheke! Mwenzio anaoza.”

Alikwenda siku ya nane, amekumbatia kikapu. Daktari, binti wa juzi tu, alifunua kitambaa, akakirudisha taratibu. “Baba yangu, ungemleta siku ile ile alipoungua, saa hizi angekuwa anakula.”

Ghazala alijizungusha kwenye mkono wa Lahbib, kama alivyozoea uwanjani. Kisha akalegea, pindo moja baada ya jingine.

Jioni ile jirani, mama kijana, alikuja mbio, amembeba bintiye aliyeumwa na nge. “Ami Lahbib, mtemee mate, nakuomba!”

Lahbib aliutazama mguu uliovimba. Mdomo wake ulikuwa mkavu.

“Mpeleke hospitali, binti yangu,” alisema. “Sasa hivi. Usiningoje mimi.”